Benki za uwekezaji: Chuo gani kimfae kijana wa Kilolo?

KILA mwaka, mara baada ya matokeo ya kidato cha sita kutangazwa, maelfu ya vijana huwa na majuma machache tu ya kuamua watasoma nini na wapi. Katika Wilaya ya Kilolo, mkoani Iringa, uamuzi huo mara nyingi huandamana na mwingine mzito: shamba gani la miti liuzwe, au nyanya za msimu upi zitalipa ada.

Miongoni mwa fani zinazowavutia vijana wenye vichwa vya hesabu ni kazi katika benki za uwekezaji. Jina lake husikika likiambatana na habari za mishahara minono ya London na New York. Kinachosikika mara chache ni kazi hiyo hasa ni ipi, hapa Tanzania inafanyika wapi, na ni chuo gani humwandaa mtu kuifanya.

Jibu fupi ni kwamba hakuna chuo nchini ambacho jina lake peke yake humfungulia kijana mlango huo. Kinachoufungua ni hisabati, uhasibu na mafunzo kwa vitendo. Chuo kizuri, basi, ni kile kinachompa vitu hivyo vitatu kwa gharama ambayo familia yake inaimudu.

Si benki ya kuweka akiba

Benki ambazo wananchi wengi wanazifahamu ni za biashara. Hupokea amana za wateja, hukopesha, na hupata faida kutokana na tofauti ya riba. Benki ya uwekezaji haimngojei mteja dirishani aje kuweka fedha. Kazi yake ni kuzitafutia mitaji kampuni na serikali, ama kwa kuuza hisa au kwa kuuza hatifungani. Vilevile hushauri kampuni moja inapotaka kuinunua nyingine au kuungana nayo. Malipo yake makubwa ni ada ya ushauri na ya kufanikisha mauzo.

Mfano unaokumbukwa zaidi Afrika Mashariki ni wa mwaka 2008, Serikali ya Kenya ilipouza hisa bilioni 10 za kampuni ya simu ya Safaricom kwa Shilingi 5 za Kenya kila moja. Mauzo hayo yalisimamiwa na Dyer & Blair ya Nairobi kwa ushirikiano na Morgan Stanley ya Marekani.

Nchini, Vodacom Tanzania iliuza hisa milioni 560 mwaka 2017 kwa Sh850 kila moja, ikakusanya Sh bilioni 476, huku kampuni ya Orbit Securities ikiwa dalali kiongozi. Muda wa mauzo ulibidi uongezwe, na wawekezaji wa nje wakaruhusiwa kununua baada ya mauzo kulengwa kwanza kwa Watanzania. Tukio hilo linaonyesha kwamba kupanga bei na kuwapata wanunuzi ni kazi ngumu hata kama kampuni inafahamika kila kijiji.

Mfano wa karibuni zaidi ni wa mwaka 2024, Mamlaka ya Maji ya Tanga (Tanga UWASA) ilipotoa hatifungani ya Sh bilioni 53.12 ya muda wa miaka 10 kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka ili kupanua huduma ya maji. Mtu aliyeweka Sh milioni 1 katika hatifungani hiyo ana haki ya kupata Sh135,000 kila mwaka, kisha kurejeshewa fedha zake muda ukiisha.

Nyuma ya kila tukio la aina hiyo wapo watu waliokaa usiku kucha wakipitia mizania, wakikadiria mapato ya miaka ijayo na kuandika waraka wa matarajio ambao mnunuzi husoma kabla ya kutoa fedha zake. Hao ndio watu ambao kijana wa Kilolo anataka kuwa mmoja wao.

Inavyogusa Nyanda za Juu Kusini

Kazi hiyo inaweza kuonekana kuwa mbali na Dabaga, Pomerini au Ilula. Ukweli ni kwamba matunda yake, pamoja na madhara ya kuikosa, yamekwisha kufika katika ukanda huu.

Novemba 2021, kampuni ya Unilever ilikubali kuuza biashara yake ya chai, iliyoitwa ekaterra, kwa kampuni ya uwekezaji ya CVC Capital Partners kwa Euro bilioni 4.5. Mauzo yalikamilika katikati ya mwaka 2022. Mashamba ya chai ya Mufindi, wilaya iliyo jirani na Kilolo, yalikuwamo katika biashara hiyo. Mkataba ulioandaliwa Ulaya ulibadilisha mwajiri wa wachuma chai wa mkoa wa Iringa.

Upande wa pili ni habari za benki za wananchi. Benki Kuu ya Tanzania (BoT) ilizitaka benki hizo ziwe na mtaji usiopungua Sh bilioni 2 kufikia mwisho wa mwaka 2017. Januari 2018, benki tano zilifungwa kwa kuwa na mtaji usiotosheleza, mojawapo ikiwa Benki ya Wananchi Njombe. Wateja wakabaki wakitegemea fidia ya Bodi ya Bima ya Amana, ambayo wakati huo haikuzidi Sh milioni 1.5 kwa kila mmoja.

Benki ya Wananchi Mufindi (MUCOBA) ilikuwa imekwisha kuchukua njia nyingine. Mwaka 2016 iliorodheshwa katika dirisha la kukuza ujasiriamali la Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE), hatua iliyoiwezesha kuuza hisa kwa umma.

Habari hizo mbili zinaeleza kwa nini mikoa ya kusini inawahitaji watu wanaojua namna mtaji unavyotafutwa. Wilaya yenye mbao, chai, viazi na nyanya haiwezi kujenga viwanda kwa mikopo ya muda mfupi peke yake.

Hesabu ya shamba la miti

Mzazi wa Kilolo anaijua hesabu ya msingi ya fani hii pengine bila kuijua kwa jina. Tuseme ana shamba la misonobari michanga. Mnunuzi anampa Sh milioni 3 leo, lakini akisubiri miaka minane atauza kwa Sh milioni 6. Je, auze au asubiri?

Jibu linategemea fedha za leo zingezaa kiasi gani mahali pengine. Sh milioni 3 zikizaa asilimia 10 kwa mwaka, na faida ikarudishwa kwenye mtaji, baada ya miaka minane zitakuwa takribani Sh milioni 6.4. Hapo kuuza leo kuna manufaa zaidi. Zikizaa asilimia 8 zitafikia kiasi cha Sh milioni 5.6 tu, na kusubiri kutakuwa bora, iwapo moto hautapita na bei haitaanguka.

Kuthamini kampuni ya simu au kiwanda cha saruji ni hesabu hiyo hiyo ikiwa na safu nyingi zaidi: mapato, kodi, madeni, riba na hatari. Kijana anayefurahia kuipiga hesabu ya namna hiyo ana dalili njema. Anayevutiwa na suti na gari tu, bila kuipenda hesabu, angefanya vema kutafakari upya.

Ajira ziko wapi

Jambo la pili la kufahamu ni udogo wa soko. Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ilitungwa mwaka 1994, na DSE ilianza mauzo Aprili 1998 ikiwa na kampuni moja tu, TOL. Hadi sasa kampuni zilizoorodheshwa hazifiki 40.

Kwa sababu hiyo, tofauti na Nairobi ambako zipo kampuni zenye leseni ya benki ya uwekezaji, kazi hizo Dar es Salaam zimetawanyika. Zipo kwa madalali wa hisa na washauri wa uwekezaji wenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana (CMSA). Zipo katika idara za wateja wakubwa na uwekezaji za benki za biashara. Zipo pia katika kampuni za ukaguzi wa hesabu zenye vitengo vya ushauri wa mauziano ya kampuni, katika mifuko ya hifadhi ya jamii, na kwa mameneja wa mifuko ya uwekezaji wa pamoja kama UTT AMIS.

Nafasi zote hizo zikijumlishwa bado ni chache kuliko wahitimu wa shahada za fedha wanaotoka vyuoni kila mwaka. Ndiyo maana haifai kuchagua kozi yenye mlango mmoja tu wa kutokea. Mwenye msingi wa uhasibu, uchumi au takwimu bima akikosa kazi ya soko la mitaji anaweza kuajiriwa katika ukaguzi, bima, kodi au benki ya kawaida, akasubiri nafasi akiwa ndani ya sekta.

Safari huanzia kidato cha tano

Wazazi wengi hudhani chuo huchaguliwa baada ya kidato cha sita. Kwa fani hii, sehemu kubwa ya uamuzi hufanyika wakati wa kuchagua tahasusi ya kidato cha tano.

Utaratibu wa kawaida wa udahili wa shahada ya kwanza hudai ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi yenye jumla ya pointi zisizopungua 4.0, ambapo A ni pointi 5 na E ni pointi 1. Hicho ni kima cha chini. Kozi zenye ushindani huchukua wenye alama za juu zaidi, na kozi kama takwimu bima huhitaji Hisabati ya ngazi ya juu.

Tahasusi ya EGM, yenye Uchumi, Jiografia na Hisabati, huacha milango mingi wazi. PCM na PGM nazo zinafaa, kwa kuwa zina Hisabati. ECA humpa mwanafunzi uchumi, biashara na uhasibu, lakini bila Hisabati ya ngazi ya juu kozi kadhaa zitakuwa nje ya uwezo wake. Mwanafunzi aliyeacha Hisabati kwa kuiogopa huwa amekwisha kupunguza orodha ya kozi zake miaka miwili kabla ya kujaza fomu.

Dar es Salaam, Morogoro au Iringa

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) kina uzito wa aina mbili kwa fani hii. Shule yake Kuu ya Biashara, iliyotokana na kitivo cha biashara kilichoanzishwa mwaka 1979, hutoa shahada ya biashara yenye mchepuo wa fedha na wa uhasibu. Aidha, chuo hicho hufundisha takwimu bima, kozi ngumu inayomjengea mhitimu uwezo mkubwa wa hesabu za hatari.

Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM), kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1972, si chuo kikuu kwa jina lakini hutoa shahada zinazotambuliwa. Kipo katikati ya jiji la Dar es Salaam, jirani na makao ya benki na ofisi nyingi za fedha. Ukaribu huo si jambo dogo. Mwanafunzi anaweza kutoka darasani akafika ofisini kwa dalali wa hisa kwa miguu, na mafunzo kwa vitendo humgharimu nauli ndogo.

Chuo Kikuu Mzumbe, mkoani Morogoro, kina sifa ya muda mrefu katika uhasibu na utawala, na kipo kando ya barabara kuu ambayo mwanafunzi wa Ilula huipita akienda Dar es Salaam. Chuo hicho kina kampasi Mbeya pia. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza kupokea wanafunzi mwaka 2007, nacho hufundisha kozi za biashara na uchumi.

Mkoani Iringa kwenyewe vipo Chuo Kikuu cha Iringa, kilichojulikana zamani kama Chuo Kikuu Kishiriki cha Tumaini, na Chuo Kikuu Kikatoliki cha Ruaha. Vyote hutoa kozi za biashara na uhasibu. Mkwawa, chuo kishiriki cha UDSM, msingi wake ni ualimu.

Faida ya kusoma Iringa ni gharama ndogo ya maisha, na uwezekano wa mwanafunzi kurudi nyumbani mwisho wa juma na gunia la viazi. Hasara yake ni umbali wa takribani kilomita 500 kutoka soko la mitaji. Hasara hiyo inaweza kupunguzwa: mwanafunzi wa Iringa anayetenga fedha za kuishi Dar es Salaam wakati wa likizo ili afanye mafunzo kwa vitendo huko anaweza kumzidi aliyesoma jijini miaka mitatu bila kukanyaga ofisi ya dalali hata mara moja.

Kusoma nje ya nchi

Kwa anayelenga kuajiriwa na benki kubwa za London au New York, jina la chuo lina uzito mkubwa kuliko ilivyo hapa. Benki hizo huelekeza nguvu zao za kuajiri katika vyuo vichache, kama vile London School of Economics, Oxford na Cambridge nchini Uingereza, au shule ya Wharton nchini Marekani. Huchukua wanafunzi kwa mafunzo ya likizo kabla ya mwaka wa mwisho, kisha huwapa ajira wale waliofanya vizuri. Asiyepita njia hiyo huingia kwa shida.

Ada za huko hazimudiki kwa shamba la miti. Njia inayoeleweka ni ufadhili, na ufadhili mwingi kwa Watanzania, kama ule wa Chevening wa Uingereza, ni wa shahada ya pili kwa watu wenye uzoefu wa kazi. Maana yake ni kwamba shahada nzuri ya kwanza ya hapa nyumbani inaweza kuwa hatua ya kwanza ya safari ya nje.

Karibu zaidi ipo Nairobi, yenye soko la hisa kubwa kuliko la Dar es Salaam, ambako Chuo Kikuu cha Strathmore kina kozi za uchumi wa fedha na takwimu bima. Afrika Kusini vipo vyuo vikuu vya Cape Town na Witwatersrand, ambavyo wahitimu wake huajiriwa kwa wingi Johannesburg.

Shahada peke yake haitoshi

Waajiri wa sekta hii hutazama pia mitihani ya kitaaluma. Upo mtihani wa uhasibu wa CPA unaosimamiwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA). Upo mtihani wa kimataifa wa CFA wenye ngazi tatu, unaohusu uchambuzi wa uwekezaji, ambao mwanafunzi anaruhusiwa kuanza ngazi ya kwanza kabla hajahitimu. Ada za CFA hulipwa kwa dola, hivyo ni vema kuziweka katika bajeti mapema.

Kabla ya hapo mwanafunzi anaweza kujifunza kwa gharama ndogo. Taarifa za fedha za kampuni zilizoorodheshwa hutangazwa hadharani. Anayesoma za CRDB na NMB kila robo mwaka, akalinganisha mikopo chechefu na faida, ataingia kwenye usaili akiwa na la kusema.

Ada na mkopo

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, husaidia wengi. Hata hivyo, kwa muda mrefu kozi za biashara zimekuwa zikiwekwa nyuma ya tiba, uhandisi na ualimu wa sayansi katika vipaumbele vyake. Familia isihesabu mkopo kama jambo lililokwisha kupatikana. Vilevile mkopo ni deni: mhitimu akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake hadi amalize.

Ni muhimu pia kuhakikisha kwamba kozi husika imeidhinishwa. Mwaka 2017, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya kwa kutotimiza vigezo. Mwongozo wa udahili unaotolewa na tume hiyo kila mwaka huorodhesha kozi zilizoidhinishwa na sifa za kujiunga.

Maswali ya kuuliza kabla ya kuomba

Kabla ya kulipa ada ya maombi, mzazi na mwanafunzi wanashauriwa wakiulize chuo maswali machache. Je, kozi ina masomo mangapi ya hisabati, takwimu na uhasibu, na mangapi ya maelezo matupu? Wanafunzi wa mwaka uliopita walifanya mafunzo kwa vitendo katika ofisi zipi? Je, shahada hiyo humwondolea mhitimu baadhi ya masomo ya NBAA? Wahitimu wa miaka mitatu iliyopita wameajiriwa wapi?

Chuo kinachojibu kwa majina ya ofisi na kwa idadi kinastahili kufikiriwa, kiwe Dar es Salaam au Iringa mjini. Kinachojibu kwa sifa za majengo yake hakijasema lolote kuhusu ajira. Na kama majibu ya vyuo viwili yanalingana, mzazi achague kile ambacho hakitamlazimu kukata miti michanga, kwa kuwa fedha itakayobaki ndiyo itakayomlipia mwanawe nauli, chumba na mitihani ya Dar es Salaam wakati utakapofika.